Kutuliza Sauti Kali ya Gitaa la Umeme: Somo la Kupima Kabla ya Kununua

Utangulizi

Gitaa la umeme linapokuwapo shuleni, aghalabu huhesabiwa kuwa mali ya kwaya au ya bendi, na mwalimu wa sayansi halitii katika orodha ya zana zake. Twaona kwamba hii ni hasara. Ndani ya chombo hicho kimoja mmekusanyika sumaku, koili, ukinzani, kapasita, mtetemo na sauti; tena ni chombo ambacho watoto hukitazama kwa hamu hata kabla mwalimu hajafungua kinywa. Mwalimu apewe zana gani bora kuliko hiyo?

Gitaa hilo pia lina tatizo linalofaa sana kufundishia. Magitaa mengi ya bei nafuu hutoa sauti kali mno: sauti nyembamba inayochoma masikio na kufunika maneno ya watoto wanaoimba. Mwalimu aliyekabidhiwa gitaa la namna hiyo hapungukiwi na washauri. Mmoja humwambia abadili poti zote, mwingine humwambia anunue kapasita ya bei kubwa, wa tatu humwambia gitaa lenyewe halifai. Fedha za shule ni chache, na zikitumika kwa kubahatisha hazirudi. Kwa hiyo hatuna budi kuuliza: je, twawezaje kujua chanzo cha ukali huo kabla ya kutoa hata shilingi moja? Swali hili ni la fundi, lakini pia ni swali la mwalimu wa sayansi.

Makala hii ina sehemu tatu. Kwanza tutaeleza maarifa ambayo mwalimu anapaswa kuwa nayo mwenyewe. Pili tutaonyesha utaratibu wa kutafuta chanzo na kuchagua vifaa. Tatu tutatoa mfano wa somo kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi.

Maarifa anayohitaji mwalimu

Chini ya nyuzi za gitaa la umeme mna pikapu. Neno hili hapa halina maana ya gari. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mizunguko. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha huko London kwamba nguvu ya sumaku ikibadilika ndani ya koili, umeme huzaliwa katika koili hiyo. Miaka mia moja baadaye, mwaka 1931, George Beauchamp alitumia kanuni hiyo huko Los Angeles, Marekani, kutengeneza gitaa ambalo nyuzi zake za chuma zilitetema juu ya sumaku na koili. Uzi wa chuma unapotetema huitikisa nguvu ya sumaku, koili hutoa umeme mdogo sana, na kipaza sauti huukuza. Ndiyo sababu uzi wa nailoni hauisikilizishi pikapu chochote: nailoni haivutwi na sumaku.

Koili hii ina tabia moja ambayo ndiyo kiini cha somo letu. Ikiunganishwa na kebo, hupendelea mitetemo ya kiwango fulani kuliko mingine yote. Mfano wake ni bembea. Mtoto akisukumwa kwa kupatana na mwendo wa bembea, hupanda juu sana. Akisukumwa ovyo, bembea haipandi. Vivyo hivyo pikapu na kebo yake huwa na kilele, yaani kiwango cha mitetemo kinachotoka kwa nguvu kupita vingine. Katika magitaa mengi kilele hiki huwa kati ya mitetemo 3,000 na 5,000 kwa sekunde, au kwa neno la kitaalamu, hezi 3,000 hadi 5,000. Uzi mnene ukipigwa wazi hutetema mara 82 hivi kwa sekunde, na ule mwembamba mara 330 hivi. Basi kilele hakiwi kwenye sauti zenyewe za nyuzi, bali kwenye vitetemo vidogo vinavyofuatana nazo na kuzipa rangi. Sikio la binadamu nalo ni jepesi mno kati ya hezi 2,000 na 5,000. Hapo ndipo ukali unapokutana na sikio.

Yafaa mwalimu akumbuke jambo moja zaidi. Kadiri mtu anavyozidi umri, ndivyo sikio lake linavyopoteza sauti nyembamba. Watoto husikia sauti hizo vizuri kuliko sisi. Kwa hiyo wanafunzi wakisema gitaa linawachoma masikio, nasi hatusikii hivyo, tusiwatuhumu utovu wa nidhamu. Huenda wao ndio wenye vipimo sahihi.

Kazi ya poti

Poti, ambayo mafundi wengine huiita voliyumu, ni ukinzani unaobadilika kwa kuzungushwa. Ina miguu mitatu. Kati ya miguu miwili ya pembeni ukinzani haubadiliki. Mguu wa katikati hutembea juu ya njia hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho. Gitaa la kawaida lina poti ya sauti, inayoongeza na kupunguza nguvu, na poti ya toni, inayofanya kazi pamoja na kapasita kupunguza wembamba wa sauti.

Wengi hudhani kwamba poti ikifunguliwa hadi mwisho haifanyi kazi yoyote. Sivyo. Hata ikiwa imefunguliwa kabisa, njia yake ya ukinzani imeunganishwa kati ya waya wa sauti na waya wa ethi, na sehemu ndogo ya umeme wa pikapu hupita humo. Twaweza kuilinganisha na kiganja kilichowekwa juu ya ngozi ya ngoma. Kiganja kikigusa kidogo, ngoma hulia kwa ukali. Kikikandamiza, mlio hufifia. Ukinzani mkubwa ni kiganja chepesi: kilele cha pikapu hubaki kirefu na sauti huwa kali. Ukinzani mdogo ni kiganja kizito: kilele hupungua na sauti hutulia.

Watengenezaji wa magitaa walilijua jambo hili tangu zamani. Gitaa la Stratocaster, lililotolewa na kampuni ya Fender mwaka 1954, lina pikapu za koili moja, ambazo kwa asili yake ni kali. Likawekewa poti za kiloomu 250. Magitaa ya Gibson yenye pikapu za koili mbili, ambazo sauti yake ni nzito zaidi, kwa kawaida huwekewa poti za kiloomu 500 ili wembamba usipotee. Kutokana na hayo twapata kanuni ya kwanza: gitaa lenye pikapu za koili moja na poti za kiloomu 500 lina sababu ya wazi ya kuwa kali.

Sasa tuhesabu. Ukinzani unapopangwa sambamba, jumla yake hupungua, kama vile darasa lenye milango miwili linavyotoka upesi kuliko lenye mlango mmoja. Kanuni yake ni kuzidisha namba mbili, kisha kugawanya kwa jumla yake. Tuchukue gitaa lenye poti ya sauti ya kiloomu 500 na poti ya toni ya kiloomu 500:

500 × 500 ÷ 1,000 = kiloomu 250.

Kipaza sauti nacho kina ukinzani wake, ambao kwa kawaida ni kiloomu 1,000. Tukiujumlisha kwa kanuni ile ile twapata kiloomu 200. Tukibadili poti zote mbili ziwe za kiloomu 250, poti zenyewe hutoa kiloomu 125, na pamoja na kipaza sauti huwa kiloomu 111. Tukibadili poti ya sauti peke yake, twapata kiloomu 167, na pamoja na kipaza sauti kiloomu 143.

Hapa pana njia ambayo mwalimu mwenye fedha kidogo asiiache ipite. Badala ya kuing'oa poti ya kiloomu 500, aweza kulehemu kikinzani kidogo cha kiloomu 470 kwenye miguu miwili ya pembeni ya poti ya sauti. Kwa kuwa 500 × 470 ÷ 970 = 242, poti hiyo sasa huigusa pikapu kana kwamba ni ya kiloomu 242. Ikijumlishwa na poti ya toni na kipaza sauti, matokeo ni kiloomu 140, karibu sawa kabisa na kununua poti mpya. Kikinzani hicho ni cha bei ndogo, na matokeo yasipopendeza hutolewa bila gitaa kudhurika.

Kazi ya kapasita

Kapasita huruhusu mitetemo ya haraka ipite kwa urahisi na huizuia ile ya polepole. Twaweza kuifananisha na chekeche: punje ndogo hupita, kubwa hubaki. Katika sehemu ya toni, kapasita hufuatana na poti, na zote mbili huelekea ethi. Poti ya toni ikifungwa, sauti nyembamba hupita kwenye chekeche na kwenda ethi. Sauti nzito hubaki na kwenda kwenye kipaza sauti.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo limewapotezea watu wengi fedha zao. Poti ya toni ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, kubadili kapasita hakuleti tofauti ya kusikika. Sababu yake yaonekana kwa hesabu. Kwa mitetemo 1,000 kwa sekunde, kapasita ya maikrofaradi 0.022 huzuia umeme kwa kadiri ya kiloomu 7 tu; ile ya maikrofaradi 0.047 huzuia kwa kadiri ya kiloomu 3 na nusu. Lakini mbele yake imesimama poti yenye kiloomu 250 au 500. Mlango mkubwa umefungwa. Haidhuru nyuma yake pana chekeche la tundu gani. Kwa hiyo mtu anayelalamika kwamba gitaa lake ni kali wakati vifundo vyote vimefunguliwa, asitafute dawa kwenye kapasita ya toni.

Kapasita hiyo huanza kuonyesha tabia yake kifundo cha toni kinapoteremshwa, na hasa kinapofika mwisho. Hapo huungana moja kwa moja na koili na kukisogeza kilele chini sana. Tuchukue pikapu yenye kipimo cha henri 2.5, ambacho ni cha kawaida. Toni ikifungwa kabisa, kapasita ya maikrofaradi 0.01 hukiweka kilele karibu na hezi 1,000, ya 0.022 karibu na hezi 670; ya 0.047 karibu na hezi 460. Mwenye kutaka toni iliyofungwa isiwe na kiza mno achague 0.01 au 0.022. Mwenye kutaka sauti nzito ya mviringo achague 0.047.

Ipo kapasita ya namna nyingine ambayo hutenda kazi hata vifundo vikiwa wazi. Nayo ni ile ndogo sana inayowekwa kati ya waya wa sauti na ethi bila poti katikati. Kebo yenyewe ni kapasita ya aina hii: kila mita moja ya kebo ya kawaida ina pikofaradi 100 hivi. Pikapu yetu ya henri 2.5, ikiwa na pikofaradi 100 za kwake na kebo ya mita 3, ina kilele karibu na hezi 5,000. Tukiweka kebo ya mita 6, kilele hushuka hadi hezi 3,800 hivi. Tukirudi kwenye kebo ya mita 3 na kuongeza kapasita ya pikofaradi 470, kilele huwa karibu na hezi 3,400.

Basi mwalimu ashike tofauti hii, kwa maana yote yaliyobaki yaitegemea: ukinzani hupunguza urefu wa kilele, kapasita ndogo hukihamisha kilele mahali pake. Aliyehamisha kilele bila kukipunguza aweza kuona wembamba umepungua na hali ukali mwingine umetokea chini yake, pale pale sikio linapokuwa jepesi. Ndiyo sababu tunashauri kujaribu ukinzani kwanza, kisha kapasita ndogo ikihitajika.

Kutafuta chanzo kabla ya kununua

Mwalimu afuate utaratibu huu, na asiruke hatua. Hatua saba za mwanzo hazigharimu kitu.

1. Ateremshe kifundo cha toni kidogo kidogo. Sauti njema ikipatikana kati ya 10 na 5, hakuna kifaa kinachohitaji kununuliwa.
2. Aangalie vifundo vya kipaza sauti. Huenda cha sauti nyembamba kimefunguliwa mno.
3. Ajaribu pikapu iliyo karibu na shingo ya gitaa. Iliyo karibu na daraja la nyuzi hutoa sauti kali zaidi kwa kawaida yake.
4. Apige nyuzi karibu na shingo badala ya karibu na daraja.
5. Atazame nyuzi. Nyuzi mpya ni kali; zikipigwa kwa siku kadhaa hutulia.
6. Ateremshe pikapu kwa skrubu zake kidogo, kisha asikilize tena.
7. Aazime kebo ndefu zaidi.
8. Hapo ndipo afungue kifuniko, apime poti kwa maltimita na kusoma kapasita.

Kama ukali hutokea tu wakati sauti inapopunguzwa, chanzo ni kingine. Baadhi ya magitaa huwa na kapasita ndogo kati ya mguu wa kuingilia na mguu wa katikati wa poti ya sauti. Hiyo huruhusu sauti nyembamba ipite hata voliyumu ikishuka. Ikiondolewa, shida hiyo huisha bila kununua chochote.

Mambo ya kuangalia dukani

Kipimo kilichoandikwa juu ya poti si ahadi kamili. Poti nyingi huruhusiwa kuzidi au kupungua kwa asilimia 20. Iliyoandikwa kiloomu 250 yaweza kuwa 200 au 300. Mwalimu aende na maltimita, apime miguu miwili ya pembeni.

Kadhalika zipo poti za mwendo sawa na poti za mwendo wa sikio. Ili kuzitambua, mwalimu azungushe kifundo hadi katikati na kupima kutoka mguu wa katikati hadi mguu wa kuanzia. Ya mwendo sawa huonyesha nusu ya kipimo chote. Ya mwendo wa sikio huonyesha sehemu ndogo tu, kama moja ya kumi hivi. Kwa sauti, hii ya pili ndiyo inayopendelewa, kwa kuwa sikio husikia nguvu kwa uwiano. Apime pia kwa rula upana wa tundu la gitaa na urefu wa shina la poti. Poti iliyo sahihi kwa ukinzani lakini isiyoingia kwenye tundu haina faida.

Kapasita huandikwa kwa namba tatu. Mbili za kwanza ni tarakimu, ya tatu ni idadi ya sifuri, na jibu ni pikofaradi. Hivyo 223 ni pikofaradi 22,000, yaani maikrofaradi 0.022, 473 ni 0.047, 103 ni 0.01. Umeme wa pikapu ni mdogo, kwa hiyo kapasita ya volti 50 yatosha kabisa. Ama kuhusu zile za bei kubwa zinazosifiwa kwa mafuta au karatasi iliyomo ndani, gitaa huitikia kipimo. Kapasita mbili zenye kipimo kimoja zitafanya kazi moja.

Mfano wa somo

Madhumuni. Mwishoni mwa somo mwanafunzi aweze: (a) kueleza kwamba ukinzani na kapasita hubadili sauti ya gitaa, (b) kutabiri matokeo kabla ya jaribio, (c) kutofautisha jambo alilolisikia na jambo alilolidhania.

Zana. Gitaa la umeme, kipaza sauti, kebo mbili fupi, kikinzani cha kiloomu 470, kapasita za 470 pikofaradi, 0.022 na 0.047 maikrofaradi, poti ya kiloomu 250, vibanio, na kibao cha majaribio.

Kibao hiki ni ubao mdogo wenye matundu mawili ya kuchomekea kebo, moja kutoka gitaani na moja kwenda kwenye kipaza sauti. Waya wa sauti na waya wa ethi hupita juu yake wazi, ili vifaa viweze kubanwa katikati yao. Voliyumu ya gitaa ikiwa imefunguliwa yote, kifaa kilichobanwa kwenye kibao hutenda kazi kana kwamba kimelehemiwa ndani ya gitaa. Hivyo darasa zima laweza kujaribu, na gitaa halijafunguliwa hata skrubu moja. Urefu wa kebo usibadilike kati ya jaribio na jaribio, maana tumeona kwamba kebo nayo ni kapasita.

Hatua ya kwanza: kusikiliza (dakika 5). Mwalimu apige mpigo mmoja ule ule mara kadhaa, voliyumu ikiwa ya wastani. Wanafunzi waeleze sauti kwa maneno yao wenyewe: inachoma, inalia kama bati, ni nyembamba. Maneno hayo yaandikwe ubaoni wala yasisahihishwe.

Hatua ya pili: kutabiri (dakika 5). Mwalimu aonyeshe kiganja juu ya ngoma, kisha kikinzani. Aulize:

— Tukibana kifaa hiki hapa, sauti itakuwaje?
— Mwalimu, itapungua.
— Itapungua nguvu, au itapungua ukali?
— Ukali, Mwalimu.
— Utajuaje kwamba ni ukali wala si nguvu?

Swali la mwisho lisijibiwe na mwalimu. Litajibiwa na jaribio.

Hatua ya tatu: kujaribu (dakika 10). Kikinzani kibanwe na kuondolewa mara kadhaa. Kisha kapasita ya pikofaradi 470. Kisha vyote pamoja. Kila kundi lijaze jedwali lenye safu tatu: kifaa, tulichotabiri, tulichosikia.

Hatua ya nne: kusikiliza bila kuona (dakika 15). Mwalimu abane poti iliyofunguliwa yote ikifuatana na kapasita. Mwanafunzi mmoja akae nyuma ya pazia. Kwa kurusha sarafu aamue kuweka kapasita ya 0.022 au ya 0.047, mara 10, naye aandike kila mara. Darasa liandike: ya kwanza au ya pili? Mwishoni majibu yalinganishwe. Wanaobahatisha hupata nusu hivi. Ikiwa darasa nalo limepata nusu hivi, basi hawakusikia tofauti, hata kama wengi waliamini kwamba wanaisikia. Jaribio lirudiwe kwa kikinzani kuwekwa na kuondolewa, nao walinganishe matokeo.

Hatua hii ndiyo moyo wa somo. Mtoto aliyegundua mwenyewe kwamba sikio lake lilidanganywa na matarajio yake amejifunza jambo litakalomfaa sokoni, hospitalini na katika maisha yake yote. Mwalimu asimcheke aliyekosea, wala asimsifu aliyebahatisha.

Hatua ya tano: kuhitimisha (dakika 5). Wanafunzi waseme kwa sentensi moja ni kifaa gani shule ikinunue, na kwa nini. Kundi linalosema "tusinunue kitu, tuteremshe toni" likiwa na ushahidi, limefaulu kama makundi mengine.

Tahadhari

Gitaa lisilo na betri halina umeme wa kumdhuru mtu, lakini kipaza sauti kinao. Kifuniko chake kisifunguliwe na mwalimu wala mwanafunzi. Vipaza sauti vya valvu huhifadhi umeme wa hatari hata baada ya kuzimwa. Mtu akihisi kupigwa na umeme aguspo nyuzi au maikrofoni, kazi isimamishwe mara moja, plagi ichomolewe, na fundi wa umeme aitwe. Kulehemu kufanywe na mwalimu au fundi, gitaa likiwa limechomolewa, dirisha likiwa wazi. Voliyumu ianze chini kila mara, kwa ajili ya masikio ya watoto.

Neno kuhusu ladha

Mwalimu asifundishe kwamba sauti kali ni kosa. Katika muziki wa dansi wa Afrika Mashariki, gitaa la solo hupendwa liwe jepesi na angavu ili lisikike juu ya tarumbeta na ngoma. Wapenzi wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz Band hawangependa solo lile litiwe kiza. Lakini gitaa la ridhimu linalosindikiza sauti za watoto lina kazi nyingine. Wembamba ukizidi, hugombana na herufi zinazotambulisha maneno, na wasikilizaji hawashiki kinachoimbwa. Sauti hupimwa kwa kazi yake. Jambo hili nalo ladaiwa nafasi katika mjadala wa darasa.

Maswali ya kujipima kwa mwalimu mwanafunzi

1. Gitaa lina pikapu za koili moja, poti ya sauti ya kiloomu 500 na ya toni ya kiloomu 250. Ni ukinzani gani unaoigusa pikapu kabla ya kuhesabu kipaza sauti?
2. Mwenzako amenunua kapasita mpya ya toni, wala hasikii mabadiliko vifundo vikiwa wazi. Mweleze sababu bila kutumia fomula.
3. Kapasita imeandikwa 472. Ni maikrofaradi ngapi?
4. Tunga jaribio la kusikiliza bila kuona litakalowaonyesha wanafunzi kama urefu wa kebo hubadili sauti. Ni mambo gani yasiyopaswa kubadilika?
5. Mfano wa chekeche una upungufu wake. Utaje, kisha ueleze jinsi utakavyowatahadharisha wanafunzi.

Hitimisho

Tumeona kwamba ukali wa gitaa waweza kutulizwa kwa kifundo kuteremshwa, kwa kebo ndefu, kwa kikinzani kidogo, au kwa poti mpya. Na kwamba kapasita ya toni, ambayo watu huikimbilia kwanza, haina la kufanya kifundo kikiwa wazi. Mwalimu atakayelifuata somo hili huenda akaiokolea shule yake fedha chache. Zaidi ya hayo, atakuwa amewazoeza wanafunzi wake kuuliza, kutabiri, kupima na kukubali jibu la jaribio hata lisipolingana na matumaini yao. Zana ya kufanyia hivyo si lazima iwe gitaa. Shule isiyo na gitaa yaweza kuwa na redio, baiskeli au taa ya sola yenye hitilafu. Palipo na kifaa chenye kasoro na watoto wenye hamu ya kujua, somo la sayansi limekwisha anza.